Injini inalia "ti-ti-ti", kisha inanyamaza: namna ya kuusoma mlio wa pikapu

Pikapu ya mjomba wangu ina tabia moja. Saa kumi na moja alfajiri, pale Nungwi, akiiwasha kupeleka samaki mjini, injini inaanza: ti-ti-ti-ti-ti. Mlio mwembamba, wa haraka, kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria. Kabla hajafika Mkwajuni, kimya. Akishusha samaki Darajani, injini imetulia utadhani haijawahi kufanya lolote.

Sasa tatizo ni kwamba fundi yuko mjini. Kutoka Nungwi ni kama kilomita 60, na gari ikifika kwake imeshapona. Fundi wa kwanza hakuusikia mlio hata mara moja. Alimsikiliza mjomba akiuiga kwa mdomo, akafungua boneti, akafunga, akasema: "Mzee wangu, injini hii imechoka. Fanya ovahoo." Ovahoo maana yake injini ishushwe, ifunguliwe yote, ibadilishwe pistoni, ringi na beringi. Mjomba alirudi nyumbani akaanza kuulizia mteja wa mashine ya boti yake ili apate pesa.

Ndipo akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. We si unasoma mambo ya sauti huko chuoni?"

"Nasoma mawimbi ya bahari, mjomba. Si injini."

"Wimbi ni wimbi. Njoo usikie."

Nikaenda. Makala hii ni yale tuliyofanya, na fizikia iliyo nyuma yake. Mfano wetu ni pikapu ya petroli ya zamani, silinda nne, lakini njia ya kufikiri ni ileile hata kama gari yako ni daladala ya dizeli au Noah ya nyumbani.

Mlio hauji ovyo

Mlio unaokuja na kuondoka unachosha kwa sababu unaonekana kama bahati nasibu. Lakini chuma hakina hisia. Ikiwa unalia asubuhi na kunyamaza mchana, basi kuna kitu kimebadilika kati ya asubuhi na mchana: joto, unene wa oili, uzito wa mzigo, kasi ya injini. Kitu hicho ndicho unachokitafuta. Kule kuondoka kwa mlio, ambako wengi wanakuona ni kero, ndiko kunakotoa habari nyingi kuliko mlio wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana, tunauliza maswali manne. Je, oili iko sawa? Mlio unapiga mara ngapi kwa sekunde? Unatokea katika hali gani? Na tukizima silinda moja, unabadilika?

Swali la kwanza: oili

Hili linatangulia kwa sababu ndilo pekee linaloweza kuua injini leo hii. Oili inaingia kati ya vyuma vinavyosuguana na kuvitenganisha kwa utando mwembamba. Oili ikipungua, au pampu yake ikidhoofika, utando unakatika na vyuma vinagusana. Sauti ya mwanzo inaweza kuwa ti-ti-ti ya juu kwenye tapeti. Ukiipuuza, inashuka chini na kuwa ngo-ngo-ngo nzito ya beringi za mkono wa pistoni. Hapo ndipo watu wanasema injini imenoki, na ovahoo inakuwa ya lazima kweli.

Weka gari mahali tambarare, izime, subiri dakika chache, chomoa stiki, ifute, irudishe, chomoa tena, soma. Oili iwe kati ya alama mbili. Kama taa nyekundu ya oili inawaka injini ikiwa inanguruma, usiseme "nitafika tu". Zima hapohapo.

Stiki ya mjomba ilisoma vizuri na taa ilikuwa inazimika mara tu injini ikishika. Fundi wa pili, mzee mmoja wa mtaani aliyekubali kuja Nungwi alfajiri, akafunga geji yake kwenye tundu la presha ya oili. Presha ilikuwa sawa, injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Tukapumua. Sasa tulikuwa na muda wa kufikiri.

Swali la pili: hesabu

Injini nyingi za magari ni za mapigo manne: kuvuta, kubana, kulipua, kutoa moshi. Pistoni inahitaji krenkishafti izunguke mara mbili ili kumaliza yote manne. Kamshafti, ile inayofungua valvu, inazunguka mara moja tu katika muda huohuo. Yaani kamshafti inakwenda nusu ya mwendo wa krenkishafti.

Hii ni zawadi kubwa kwa msikilizaji. Injini ikiwa sailensa, tuseme mizunguko 800 kwa dakika, kitu kinachogonga kila krenkishafti inapozunguka kitagonga mara 800 kwa dakika. Kitu kinachotokea mara moja kwa kila duru ya mapigo manne kitagonga mara 400. Kwa sekunde tatu hiyo ni mapigo 40 dhidi ya 20. Tofauti kama hiyo huhitaji mashine ya maabara kuiona.

Tuliweka simu juu ya ukuta mdogo karibu na gari, tukarekodi, kisha tukafungua rekodi kwenye programu ya kuhariri sauti inayoonyesha mchoro wa wimbi. Kila "ti" inatokea kama mwiba. Fundi alikuwa ameunganisha mita yake ya kuhesabu mizunguko, na ilisoma karibu 800. Tukahesabu miiba katika sekunde tatu: 20. Mjomba akahesabu mwenyewe kwa kidole. Ishirini.

Tukapandisha injini hadi mizunguko 1,500. Hapo masikio hayawezi tena kuhesabu, lakini simu inaweza: miiba 37 au 38 kwa sekunde tatu, kama hesabu inavyodai. Mlio ulikuwa unafuata injini, kwa nusu ya mwendo wake.

Jibu hilo peke yake limeshafukuza watuhumiwa kadhaa. Feni, mkanda na alteneta vina mwendo wao mwingine, kwa sababu puli hazina ukubwa sawa. Jiwe lililokwama kwenye tairi linafuata magurudumu, wala halilii gari ikiwa imesimama. Na vitu vinavyogonga kila mzunguko wa krenkishafti wangepiga 40.

Waliobaki ni wale wa "mara moja kwa mizunguko miwili". Wako wengi: valvu moja yenye nafasi kubwa, tapeti iliyokufa, plagi inayovujisha presha, na moshi unaopenya pale manifoldi ya ekzosi inapokutana na injini. Kwa magari yenye nozeli za umeme, ongeza nozeli nazo, ambazo hutoa mlio mdogo wa ti-ti hata zikiwa nzima. Beringi ya mkono wa pistoni nayo usiiondoe kwa hesabu peke yake, kwa sababu inaweza kugonga zaidi pale silinda yake inapolipua.

Swali la tatu: unalia lini?

Hapa ndipo daftari linapohitajika. Kwa siku tano mjomba aliandika nyuma ya kitabu chake cha hesabu za samaki: saa aliyowasha, dakika mlio ulipokata, gari ilikuwa tupu au ina mzigo. Kila kisanduku cha samaki na barafu kikawa sehemu ya utafiti.

Kwa ujumla, hali hizi zinasema hivi:

Ukilia sekunde chache tu baada ya kuwasha kisha ukakata, mara nyingi ni tapeti za haidroli, zile zinazojirekebisha zenyewe kwa oili. Usiku oili inachuruzika kutoka ndani yake, na asubuhi zinahitaji muda kidogo kujaa.

Ukilia dakika kadhaa injini ikiwa baridi, kisha ukafifia taratibu kadiri inavyopata moto, fikiria kitu kinachobana kikipata joto: manifoldi inayovuja, au pistoni iliyo na nafasi kwenye silinda yake.

Ukiwa kimya baridi, ukaja injini ikishapata moto, hasa ikiwa sailensa, rudi kwenye oili. Oili moto ni nyepesi. Kama pampu imechoka au umetumia oili nyepesi kuliko kitabu kinavyotaka, hapo ndipo upungufu unapojitokeza.

Ukizidi gari inapovuta mzigo, chanzo kinahusiana na nguvu ya mlipuko ndani ya silinda: moshi unaovuja, beringi, au petroli inayolipuka kabla ya wakati wake.

Rekodi za mjomba zilikuwa safi ajabu. Kila asubuhi mlio ulianza na injini, ukadumu kati ya dakika sita na tisa, ukafifia. Siku za mzigo mkubwa ulikuwa mkali zaidi akiondoka, lakini ulikata mapema.

Kuna mtego mmoja nikutajie. Siku ya tatu mjomba aliandika kwamba mlio "umerudi mjini, karibu na Forodhani". Tulishtuka. Kumbe ile ilikuwa sauti nyingine, ndogo, ya kawaida ya valvu. Kwenye barabara ya wazi ya shamba, sauti ya injini inatawanyika na upepo wa dirishani unaifunika. Ukiingia Mji Mkongwe, kuta ndefu za mawe zinairudisha sauti moja kwa moja masikioni mwako, na gari inakwenda polepole. Si injini iliyobadilika, ni mahali. Mafundi wanaujua ujanja huu: ukitaka kuisikia gari yako, fungua kioo uende taratibu kandokando ya ukuta.

Tulikosea kwanza

Sitaki ufikiri tulipiga mbio hadi jibu. Fundi alishuku tapeti, na mimi nilikubaliana naye. Tapeti za injini yetu ni za kuseti kwa skrubu na nati. Kati ya mkono unaosukuma na ncha ya valvu lazima ibaki nafasi ndogo, ili chuma kikitanuka valvu isikae wazi. Kwa mfano, injini ya Toyota 22R, iliyokuwa kwenye pikapu nyingi za miaka ya 1980, inataka milimita 0.20 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa valvu ya kutoa moshi, injini ikiwa moto. Nafasi ikizidi, mkono unaipiga valvu badala ya kuisukuma, na unasikia ti.

Fundi aliseti zote nane. Mbili zilikuwa zimelegea kweli. Injini ikatulia mchana, tukanywa chai, mjomba akatushukuru. Asubuhi ya pili: ti-ti-ti-ti, dakika saba.

Yaani tulikuwa tumepata kosa, lakini halikuwa kosa lile. Jambo hili hutokea sana kwenye magari ya zamani, na pia kwenye tasnifu za shahada ya pili.

Swali la nne: zima silinda moja

Hapa tulihitaji jaribio linaloweza kutenganisha watuhumiwa wawili waliobaki, si kuongeza dalili tu. Fikiria hivi. Tapeti inaendeshwa na kamshafti. Ukizima moto wa silinda moja, kamshafti inaendelea kuzunguka na valvu zinaendelea kufunguka, kwa hiyo mlio wa tapeti utabaki. Lakini moshi unaovuja unasukumwa na mlipuko. Hakuna mlipuko, hakuna msukumo, na mlio unapaswa kufifia au kufa.

Alfajiri, injini baridi, fundi akavua waya wa plagi moja moja kwa koleo yenye mpini wa mpira, akiugusisha kwenye chuma cha injini kwa sekunde chache tu, kisha anaurudisha. (Usijaribu hili kwa mkono mtupu, kwani waya huo unabeba maelfu ya volti. Na usiliendeshe kwa muda mrefu, maana petroli isiyoungua inakwenda moja kwa moja kwenye ekzosi. Kwa dizeli au gari mpya njia ni nyingine, mwachie fundi.)

Silinda ya kwanza: injini ikatetemeka, mlio upo. Ya pili: upo. Ya tatu: upo. Ya nne: injini ikatetemeka vilevile, na mlio ukapotea. Waya ukarudi, mlio ukarudi.

Mjomba akasema, "Basi tena."

Lakini mlipuko unasukuma pia beringi. Kwa hiyo tulihitaji kusikia mahali. Daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi kuwa bomba mwaka 1816 ili asikie moyo wa mgonjwa, na hivyo ndivyo stethoskopu ilivyozaliwa. Ya fundi wetu ni mbili. Moja ni bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Sauti inapita ndani ya chuma cha pua kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, dhidi ya kama mita 345 hewani, na inafika bila kuchanganyika na kelele za nje. Ya pili ni kipande cha bomba la mpira, bila chuma, kinachosikiliza hewa tu.

Kwa bisibisi, sehemu ya chini ya injini, zilipo beringi, ilikuwa tulivu. Kwa bomba la mpira, nyuma ya manifoldi, pembeni mwa silinda ya nne, ilikuwa kama mtu anakutemea mate sikioni. Fundi akawasha tochi. Palikuwa na alama nyeusi ya masizi iliyopaa kwenye chuma kama moshi juu ya jiko la kuni. Na bolti ya mwisho haikuwa na kichwa. Ilikuwa imekatika.

Kwa nini asubuhi tu?

Manifoldi ya chuma cha kalibu inatanuka takriban sehemu 11 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Inaonekana si kitu. Lakini chukua manifoldi ya sentimita 45, ipandishe joto nyuzi 400 kuliko ilivyokuwa alfajiri: inarefuka kama milimita 2. Kichwa cha injini cha alumini, ambacho maji yanakizuia karibu na nyuzi 90, kinarefuka kama milimita 0.7 tu. Tofauti ya zaidi ya milimita moja lazima iende mahali, na inaonekana zaidi kwenye ncha mbili. Ndiyo maana bolti za mwisho hukatika kabla ya zile za katikati. Kila safari ya Nungwi na mjini inazikunja kidogo.

Ongeza chumvi. Pikapu inalala mita chache kutoka ufukweni, na maji ya barafu ya samaki yanachuruzika nyuma kila siku. Chumvi na joto pamoja zinaila bolti ya chuma haraka kuliko umri wake.

Bolti ikishakatika, injini baridi inaacha mwanya mwembamba kati ya manifoldi na kichwa. Kila silinda ya nne inapotoa moshi, pumzi moja ya presha inapenya: ti. Mara moja kwa mizunguko miwili, ndiyo zile 20 kwa sekunde tatu. Dakika chache baadaye manifoldi imetanuka, inaikandamiza gasketi, mwanya unafungwa. Kimya. Siku za mzigo mkubwa moshi una nguvu zaidi, kwa hiyo mlio ni mkali, lakini chuma kinapata moto mapema, kwa hiyo unakata mapema. Daftari la samaki lilikuwa limeshasema yote hayo.

Si kelele tu

Kama ni moshi tu, kwa nini usiishi nao? Kwa sababu moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikivuja mbele ya kabini siku ya mvua, vioo vimefungwa, dereva anaanza kuumwa kichwa na kusinzia bila kujua sababu. Mjomba alikuwa na "kichwa cha asubuhi" kwa miezi. Siwezi kuthibitisha kwamba kilitokana na hiyo, ila nimemwambia aende hospitali, na asiendeshe tena na vioo vimefungwa mpaka gari itengenezwe.

Ilitengenezwa. Kazi ngumu ilikuwa kuchomoa kisiki cha bolti bila kuharibu alumini: mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, joto kidogo, subira nyingi. Kisha bolti mpya, gasketi mpya, na manifoldi kukaguliwa kama haijapinda. Mashine ya boti haikuuzwa.

Ukienda kwa fundi

Mlio wako ukikataa kujitokeza mbele ya fundi, mpelekee ushahidi. Rekodi ya simu, injini ikiwa baridi, sekunde 30, sailensa kisha ukikanyaga kidogo. Maandishi ya siku tano: ulianza lini, ukakata lini, mzigo ulikuwaje. Kiwango cha oili na mara ya mwisho uliyobadilisha. Ikiwezekana, iache gari ilale kwake ili yeye ndiye aiwashe alfajiri. Na akikwambia "ovahoo", muulize kwa adabu swali moja tu: ni jaribio gani limeonyesha hivyo?

Fundi mzuri hatachukia. Wa kwetu alilifurahia swali. Siku hizi ana programu ya sauti kwenye simu yake, na juzi alinitumia rekodi ya daladala fulani. Nimehesabu miiba: inafuata krenkishafti, mzunguko kwa mzunguko. Hiyo sasa nina wasiwasi nayo.